Birika Halikutaka Kusimama

Mwezi uliopita nilikwenda Kibondo kumzika Bibi Koleta. Niliwabeba waombolezaji kutoka Kasulu kwa basi dogo ninaloendesha siku hizi, gari zima kiasi kwamba unaweza kuliacha likiunguruma mlangoni pa mtu tangu ibada inaanza mpaka watu wanamaliza kunawa mikono, na mshale wake wa joto usitikisike. Hata hivyo nilikuwa nautazama. Niliutazama pale Makere tuliposubiri ng'ombe wapite, nikautazama tena Busunzu, mpaka Adela, mjukuu wa marehemu, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele na mtoto wake mdogo mapajani, akaniona. Akacheka, machozi yakiwa bado mashavuni. "Kaka Elisha, mpaka leo unautazama tu?" Nikamwambia, "Dada, huo mshale ndio ulionilea." Akageukia dirishani, nami nikajua kwamba sote wawili tumerudi mwaka uleule, mahali palepale, mbele ya lango lilelile.

Habari za kwetu, baba alikuwa nani na tulilima nini, nitaziruka. Ni kama za nyumba nyingi za milima hii, na aliyekulia huku anazijua bila kuambiwa. Nianzie nilipokuwa na miaka ishirini na mbili, leseni mpya mfukoni nimeifunga kwenye nailoni isilowe jasho, na kidato cha pili ambacho sikukimaliza. Ndoto yangu ilikuwa moja tu: siku moja niendeshe basi kubwa la Kigoma hadi Dar es Salaam, lenye pazia na televisheni. Nilikuwa nalala chumba cha nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi pale Kasulu, katikati ya mifuko ya saruji na makopo ya rangi, kitanda changu kimeegemea rundo la mabati, na kila asubuhi wakati napiga mswaki nilikuwa nafanya mazoezi ya kutangaza: "Abiria wa Uvinza, tunakaribia. Abiria wa Tabora, tafadhali angalieni mizigo yenu." Ukuta ulikuwa wa mbao. Upande wa pili tajiri wangu, Mzee Shabani, mtu wa Pangani aliyehamia huku zamani na hakuacha kuongea kama yuko Pangani, alikuwa ananisikiliza huku akinywa chai yake ya tangawizi. "Dereva wee," alikuwa akisema kwa upole, "Tabora hatujafika bado? Haya, tukifika ushuke upakie misumari ya watu."

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu ya milango minne, rangi ya buluu iliyochoka, na mji mzima ulikuwa unaiita Birika. Kwa sababu ilikuwa inachemka. Lakini haikuchemka kama magari mengine mabovu yanavyochemka, yaani mlimani na mzigo mzito. Hapana. Mlimani Birika lilikuwa linapanda kama mbuzi. Ukiwa mwendoni, upepo unaingia puani, mshale unalala pale katikati umetulia. Shida ilikuwa kusimama. Ukisimama na injini inawaka, ule mngurumo wa gari lililosimama ambao mafundi wetu wanauita sailensi, basi ndani ya dakika kumi mshale unaanza kuamka. Ndani ya kumi na tano uko kwenye nyekundu na mvuke unatoka pembeni mwa boneti. Kuzima ilikuwa ni dawa, lakini dawa yenye aibu, maana ukilizima likiwa na moto halikubali kuwaka tena mpaka lisukumwe na watu sita. Siku za soko vijana walikuwa wanakaa tayari. Nikisimama tu, wanapiga kelele: "Chai tayaaari! Leteni maandazi!" Mama mmoja muuza chapati aliweka vikombe vyake vitatu juu ya boneti, akaniuliza kama mimi natia sukari au natia majani tu. Nilicheka nao. Mimi ni mtu wa kucheka. Ila nilijua kuna siku kicheko kitaisha.

Nilijua kwa sababu ya ule ukuta wa mbao. Mchana mmoja nilikuwa nimekaa kitandani nakula ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa ziwani, uliokaangwa kwa mawese, sahani gotini, nikasikia Mzee Shabani anaongea na mtu ambaye sauti yake sikuitambua. Yule mtu alikuwa ananunua vyuma chakavu. Alikuwa anasema gari kama lile kwake halina jina, lina uzito tu. Analikata, analipima, analipakia. Nikasikia Mzee Shabani anaweka kikombe chini. Kisha akasema, "Lina kijana juu yake. Sitaki kumtoa kijana kazini kwa kukurupuka. Lakini nakuahidi, bwana, siku likirudi hapa kwa kuvutwa na kamba, basi lisiingie uani. Lipitilize moja kwa moja mpaka kwako." Yule mtu akacheka. Niliiacha sahani kitandani. Nikaenda nje, nikafungua boneti ya Birika na kulitazama lile lijitu jeusi lenye mafuta kama vile lingeweza kunijibu. "Umesikia?" nililiambia. "Usinifanyie hivyo."

Mtu niliyemkimbilia alikuwa Fundi Nyandwi, ambaye gereji yake ilikuwa bati nne juu ya nguzo na shimo la kuingilia chini ya gari. Alikuwa mfupi, mwenye vidole vinene, mzaliwa wa Kibondo katika familia iliyotoka Burundi, raia kwa cheti alichokuwa amekilaza ndani ya Biblia yake. Alikuwa ananiita "mdogo wangu" hata akinigombeza. Kwa miezi mitatu tulihangaika pamoja. Themostati, kile kilango cha maji ya injini, alikuwa ameshaitoa zamani, maana mafundi wa huku hiyo ndiyo wanayoitoa kwanza, wanasema inaziba maji. Tukatafuta nyingine tukairudisha. Tukabadilisha mfuniko wa rejeta, lile sanduku la kupozea maji ya injini. Tukazibua rejeta, maji yakatoka ya rangi ya udongo wa Kasulu, mpaka yakawa meupe. Tukakaza mkanda wa feni. Kila mara tulikuwa tunaliwasha, tunakaa juu ya tairi kuukuu, tunalitazama kama watu wanaosubiri mgonjwa aseme neno. Dakika kumi. Mshale unaamka. Fundi anavua kofia, anaivaa tena.

Siku moja akachukua karatasi, ukurasa wa daftari la mtoto wake, akauweka mbele ya rejeta Birika likiwa linaunguruma. "Feni ikivuta upepo vizuri," alisema, "karatasi inanata hapa yenyewe, kama imegandishwa." Akaiachia. Karatasi ikaanguka chini taratibu, ikalala kwenye mchanga. Akaiokota, akaiweka tena, ikaanguka tena. Ndipo akainama akachungulia kwa muda mrefu, na aliponyanyuka uso wake ulikuwa umebadilika. "Mdogo wangu," alisema, "hapa kuna kitu hakipo. Feni inatakiwa izungukwe na kava la plastiki, kubwa, kama beseni lisilo na kitako. Lisipokuwepo, feni inakoroga tu hewa ya moto ileile ya injini, haivuti ya nje. Ukitembea, upepo wa barabara unafanya kazi badala yake. Ukisimama, basi." Nikamuuliza limekwenda wapi. Akatazama chini. "Nilitoa mimi. Miaka hiyo nilipobadilisha mkanda, lilinizuia mkono. Nikasema hili ni pambo. Sote tulikuwa tunayatoa. Fundi aliyekuwa analirudisha tulimwona mshamba." Akakaa juu ya tairi. Sijawahi kumwona mtu mzima akijihukumu kwa utulivu vile.

Tulilikuta uani kwa Mzee Shabani. Mkewe alikuwa amelikata nusu kwa kisu cha moto, akalifanya uzio wa vifaranga. "Hili?" alisema. "Hili nilipewa na fundi mwenyewe! Vifaranga wangu wote wamekulia humu." Halikufaa tena. Basi Nyandwi akatengeneza lingine. Akachukua debe mbili za mafuta ya kula, akazipasua, akazinyoosha kwa nyundo, akapima kwa kamba, akakata, akakunja, akafunga kwa ribiti na waya kwenye mabano ya rejeta. Ilimchukua siku mbili na hakutaka malipo. Lilipokaa mahali pake tuliwasha gari, akaleta ule ukurasa wa daftari. Ukanata. Ukanata pale mbele ya rejeta, unatetemeka kidogo, na hesabu za mtoto zinaonekana. Nilipiga kelele mpaka wa gereji ya jirani wakaja. Tulikaa dakika ishirini, thelathini, arobaini. Mshale ulikuwa umelala. Nyandwi akautazama tu, halafu akasema maneno yaliyonipa kazi nzito kuliko zote za mwaka ule: "Mwezi ujao mpwa wangu Adela anaolewa hapa Kasulu. Mama yangu ndiye aliyemlea, na bado anakaa kule Kibondo. Mwombe tajiri wako gari. Wewe ndiye utakayemleta bibi harusi."

Mzee Shabani alikubali, maana harusi haikataliwi. Lakini alinifuata mpaka mlangoni pa Birika, akashika kioo cha pembeni. "Mwanangu," alisema, "nakupa gari na baraka. Ila neno langu kwa yule bwana wa mizani, najua ulilisikia ukutani, liko palepale. Sitaki kamba." Nikasema, "Hutaiona kamba, mzee." Kijana wa miaka ishirini na mbili anaahidi haraka.

Nilifika Kibondo siku moja kabla. Bibi Koleta, mama yake Nyandwi, alikuwa mrefu, amekonda, kitenge amekifunga juu ya sweta ingawa jua lilikuwa kali, na alinipokea kwa mikono miwili. "Bwakeye, mwana wanje," alinisalimu kwa Kirundi, umeamkaje mwanangu, kama vile aliniona jana. Jikoni kwake kulikuwa na giza la moshi na harufu ya maharage yaliyotiwa mawese, na wanawake sita wamekaa chini wanamenya ndizi, wote wanaongea kwa pamoja. Nilipewa kigoda karibu na mlango na sahani iliyojaa, na nilipokuwa nakula nikasikia mmoja wao anamwambia mwenzake kwamba dereva aambiwe mapema lile jambo la injini. "Jambo gani?" niliuliza. Wote wakamgeukia bibi. Bibi Koleta akaendelea kumenya ndizi yake mpaka ikaisha.

"Sisi," alisema, "tulivuka mpaka pale Mabamba kwa miguu. Lori likatuchukua. Tulikuwa tumesimama ndani kama kuni, na hakuna aliyetuambia tunakwenda wapi. Lilipokuwa linasimama njiani, dereva hazimi injini, tunajua bado hatujafika. Mwisho likafika mahali, porini, nyasi tupu, dereva akazima injini. Tuk. Nikasikia kimya. Mwanamke pembeni yangu akasema, hapa ndipo tutakapokaa. Akasema kweli. Tulikaa hapo miaka." Alitupa ganda kwenye ungo. "Tangu hapo, katika nyumba yangu, gari linalompeleka binti halizimwi njiani. Halizimwi mpaka mama mkwe atoke ashike mlango. Likizimika kabla, binti anarudi nyumbani na mimi, tunaanza upya siku nyingine. Dada yake mkubwa gari lake lilizimika kwenye daraja, wakaendelea tu. Muulize leo kama bado anakaa kwa mume." Hakuna aliyecheka. Nikauliza kwa sauti ya utani, "Na mafuta tukitaka kujaza?" Akanitazama kwa huruma. "Utajaza leo, mwana wanje."

Asubuhi mashangazi walikuja na riboni, maua ya plastiki na kitenge kizima cha kufunika pua ya gari. Niliwaomba kwa kupiga magoti kabisa wasiguse mbele. "Hapo ndipo linapopumulia, mama zangu!" Wakalalamika, wakasema hawajapata kuona, lakini wakapamba nyuma, na ndivyo bibi harusi wa Kibondo alivyoondoka na gari lililopambwa makalioni. Adela alikaa kiti cha nyuma na msimamizi wake, gauni limejaa mpaka madirishani. Bibi Koleta alikaa mbele na mimi, mkoba wake mapajani, macho kwenye kioo, masikio kwenye injini. Basi la wageni lilitufuata. Niliwasha, nikajiambia: sasa halizimwi.

Wakati ule lami ilikuwa vipandevipande. Unateleza kidogo, halafu unaangukia kwenye changarawe inayotikisa meno. Tulivuka Busunzu vizuri, naimba moyoni, natangaza vituo kimyakimya. Kilomita kadhaa mbele nikaisikia. Kra. Kra-kra. Halafu mfululizo, chuma kinakwaruza chuma. Nikasimama pembeni. Nilijua kabla sijafungua boneti: ribiti zimelegea kwa mtikisiko, lile kava la debe limeanguka upande mmoja, feni inalikata. Kipande kikichomoka kitaingia kwenye rejeta kama kisu, na hapo ndipo safari inakwisha. Kila dereva anajua unachofanya: unazima, unafungua, unatoa. Nilirudi dirishani. "Bibi, naomba dakika mbili tu, nizime." Alitazama mbele. Pande zote mbili za barabara palikuwa na nyasi tu na vilima. "Hapa?" alisema. "Unataka mwanangu akae hapa?"

Mtu mwingine angebishana. Mimi niliziona zile nyasi kwa macho yake, nikauacha ufunguo. Nikachukua waya mnene nyuma ya kiti, nikaukunja ncha iwe ndoano, nikavua shati mikono isishikwe na kitu, nikaingiza waya kati ya rejeta na ile feni iliyokuwa inazunguka kasi mpaka haionekani, upepo wa moto unanipiga usoni. Niliinasa debe mara ya kwanza, ikaponyoka, feni ikaipiga ikalia kama risasi, wanawake kwenye basi wakapiga yowe. Mara ya pili nikaikamata pembeni, nikavuta kwenda juu taratibu, taratibu, huku nasali sala ambayo haina mpangilio. Ikatoka. Ilikuwa imechanika kama jani la mgomba baada ya mvua ya mawe, na kidole changu cha shahada kilikuwa kinavuja damu, lakini kilikuwepo. Nilifunga boneti, nikavaa shati. Bibi Koleta akanipa leso yake. Tukaondoka. Mshale ulikuwa umefika robo tatu. Upepo wa barabara ukaanza kuushusha. Sasa nilikuwa na Birika la zamani, lile la maandazi. Likiwa mwendoni litanipenda. Likisimama litaniua.

Tulipofika Kasulu, lango la wakwe lilikuwa limefungwa. Mashangazi wa bwana harusi walikuwa wamejipanga wanaimba, wanatucheka, "Nani huyo anabisha? Sisi hatukuagiza mgeni!" Upande wetu ukashuka kwenye basi, ukajibu kwa wimbo, ngoma zikaanza. Ni mchezo mzuri, na siku nyingine yoyote ningeshuka nicheze. Mbele yangu watu, nyuma yangu watu, hata nafasi ya kuzunguka mtaa sikuwa nayo. Niliuliza mama mkwe yuko wapi. Kijana mmoja akaniambia kupitia dirishani, anacheka, "Mama anavaa. Amevaa mara tatu sasa, kila mara wifi zake wanasema kitenge hakijakaa."

Dakika tano. Mshale ukaamka. Nilikanyaga mafuta kidogo injini izunguke haraka, pampu isukume maji na feni ivute inachoweza. Ukasita, kisha ukaendelea kupanda. Nikafungua hita mpaka mwisho, maana hita inachukua joto la injini na kulileta ndani, na ndani tulikuwa sisi. Moto ukatupiga miguuni. Msimamizi akapiga kelele, "Kaka, unatuoka!" Adela akasema, "Mwache," poda inamtiririka shingoni. Nikamwita yule kijana alete maji, amwagie rejeta kwa mbele, asithubutu kufungua mfuniko. Akaleta jagi la kunawia, akamwaga, mvuke ukapanda mweupe, na umati ukashangilia ukidhani ni sehemu ya sherehe. Mtu akapiga kelele ambayo niliijua: "Chai tayari!" Nikaona kamba ya kuvutia, nikaona mizani ya vyuma chakavu, nikaona chumba changu cha saruji kimefungwa. Nikamtazama Bibi Koleta. Alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, macho ameyafumba, anasikiliza. Mshale ukagusa nyekundu. Injini ikaanza kugonga kidogo, sauti ya kichwa cha silinda kinachoomba msamaha.

"Bibi," nilisema, "gari linakufa."

Nilishika ufunguo, nikauachia, nikaushika tena. Aliyeongea ni Adela. Aliinama mbele kati ya viti viwili, taji limemkaa upande, na akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Bibi. Ulisema injini ikizimwa, hapo ndipo mtu anapokaa?"

"Ego," alikubali Bibi, macho bado amefumba.

"Na wewe hukuulizwa."

"Sikuulizwa."

"Basi mimi najiuliza mwenyewe, na mimi najibu. Nataka kukaa hapa." Akanyoosha mkono uliojaa hina, akaupitisha juu ya bega langu, akauzungusha ufunguo.

Tuk. Ngoma zilikuwa bado zinalia, lakini upande wetu walipoona mtikisiko wa gari umekoma wakanyamaza mmoja mmoja, hata waimbaji wa lango wakapoteza wimbo. Adela akafungua mlango mwenyewe, akalikusanya gauni lake mikononi kama mtu anayevuka kijito, akatembea mpaka langoni, akabisha kwa ngumi. Lango likafunguliwa na mwanamke mnene, kitenge kimemkaa nusu, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Ndiye mama mkwe. Walitazamana. Kisha yule mama akamkumbatia hivyohivyo, na vigelegele vilivyopigwa nafikiri vilisikika Makere.

Niseme mapema ili msomaji asihangaike: gasketi, inayoungua kwanza injini ikichemka, ilipona. Jioni niliongeza maji, vijana sita wakasukuma, na Birika likaingia uani kwa Mzee Shabani kwa miguu yake lenyewe. Lakini wakati ule sikujua. Wote waliingia ndani nikabaki na Bibi Koleta kwenye kile kiti cha mbele. Niliogopa kumtazama. Injini iliyozimwa ghafla joto lake linapanda kwanza kabla ya kushuka, na tulikuwa tunasikia maji yanagugumia ndani, chuma kinalia tik, tik, tik. Nikasema, "Nisamehe, bibi." Akasema si mimi niliyezima. Kisha akauliza kwa nini silinyweshi gari maji, si lina kiu. Nikamweleza kwamba ukifungua sasa hivi litakuunguza, na ukilimwagia maji baridi chuma kitapasuka. Lazima lingojewe, labda nusu saa. Nikamwomba aingie ndani akapumzike na wenzake, mimi nitalinda.

Akaitazama ile nyumba, watu wanaingia na kutoka, mtu anaburuta sufuria, mtoto anakimbia na maua yetu ya plastiki. Akavua viatu vyake, akavipanga miguuni, akanyoosha vidole.

"Tulingoje," alisema. "Leo hakuna anayetukimbiza."